Anauza Nini Huyu?

Kuna kimya cha galari za Nairobi ambacho hunichosha mapema. Mtu ameketi sakafuni, amejizungushia kamba ya katani kuanzia vifundoni hadi kifuani, anaifungua pole pole, nasi tumemzunguka na glasi za mvinyo wa bure mkononi. Hakuna anayekohoa. Akimaliza hatujui kama tupige makofi au la, basi tunamtazama mwenyeji. Yeye akianza, tunafuata. Kisha tunageukia sambusa na kuambiana kwamba kazi ilikuwa na nguvu. Sijapata kumsikia mtu akisema ilikuwa mbaya. Sijapata pia kumsikia mtu akisema ilihusu nini.

Ninazungumzia pafomansi, kama wasanii wenyewe wanavyoiita: sanaa ambayo mwili wa msanii ndio turubai, na muda anaokaa mbele yako ndio kazi yenyewe. Haina kisa cha kuanza na kuisha kama mchezo wa kuigiza, wala wimbo wa kuondoka nao. Nairobi inayo, na imekuwa nayo kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Syowia Kyambi ameifanya kwa miaka. Opiyo Okach, katikati ya miaka ya 2000, aliwaondolea watazamaji wa dansi yake viti, wakawa wanatembea miongoni mwa wachezaji na kujichagulia pa kusimama. Ato Malinda, mwaka 2014, alikuwa na kazi aliyoiita "Mshoga Mpya" ambapo watu waliingia mmoja mmoja, ana kwa ana na msanii, bila jirani wa kumchungulia usoni ili ujue nawe ufanye sura gani. Kituo cha GoDown kilipofunguliwa 2003 ndani ya maghala ya Industrial Area, majirani zake walikuwa gereji na viwanda, na mafundi walipita na ovaroli zao wakasimama mlangoni kuangalia. Kwa hiyo kazi zipo. Lalamiko ninalolisikia kila mara, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu, ni kwamba hadhira ndiyo haipo. Au ipo, ila haijakomaa.

Hapo ndipo tunapoachana. Mimi nimelelewa Mombasa, na hadhira ya kwanza niliyoijua ilikuwa ya wanawake kwenye arusi, enzi za waimbaji wa taarabu akina Zuhura Swaleh na Maulidi Juma. Pale hakuna aliyenyamaza. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mama mmoja anainuka, anakwenda mbele kwa madaha, noti ameinyanyua juu, anazunguka nayo taratibu ili kila mtu aione, na macho yake muda wote yako kwa mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango. Anamtuza mwimbaji, anarudi. Ukumbi mzima umeshaelewa nani ameambiwa, ameambiwa nini, na kwamba jibu litakuja wimbo ujao. Maneno ni yaleyale yaliyoimbwa juma lililopita katika arusi nyingine. Maana ya usiku huu imeletwa na aliyeinuka.

Watu waliolelewa hivyo, au kwenye ngoma za bara ambako anayetazama sasa ndiye atakayeingia uwanjani baadaye, hawahitaji kufundishwa kuangalia mwili wa mtu hadharani. Na Nairobi yenyewe ni chuo. Nenda Jeevanjee saa ya chakula cha mchana. Bustani ile ipo tangu 1906, na kwa miaka mingi imekuwa ukumbi wa wahubiri, wabishi wa siasa wa Bunge la Mwananchi, wauza dawa za meno na tumbo, na watu waliolala kwenye nyasi ambao usidhani hawasikii. Tazama mchekeshaji wa barabarani anavyoanza kazi. Hasemi kitu cha kuchekesha kwanza. Anamwaga maji chini kwa chupa, anachora duara, anawaambia watoto wakae mbele, anamsukuma mlevi nje ya mstari kwa utani unaomfanya mlevi acheke. Duara likishasimama ndipo anaanza. Na kofia ya pesa hupita kabla ya kilele cha kichekesho, maana anajua kilele kikishapita miguu nayo inapita. Hakuna shahada ya sanaa inayofundisha hilo vizuri zaidi.

Sasa nikueleze nilichokiona Barabara ya Tom Mboya.

Msanii mmoja ninayemfahamu (hataki nimtaje, nami sitamtaja) aliweka beseni la buluu kando ya njia, hatua chache kutoka jengo la Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa, mchana wa siku ya kazi. Alikuwa na kipande cha sabuni ya mche, kamba ya kuanikia, vibanio, na burungutu la noti za zamani za shilingi 1,000. Utazikumbuka. Madaraka Dei ya 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba elfu ya zamani itakoma tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, nia ikiwa kuwabana waliofukia pesa haramu majumbani. Muda ulipokwisha, noti zipatazo milioni 7.4 zilikuwa hazijarudi, zaidi ya shilingi bilioni 7 zimegeuka karatasi. Baadhi bila shaka zilikuwa za wezi. Nyingine zilikuwa za nyanya za watu, chini ya godoro, huko ambako habari hufika baada ya tarehe ya mwisho. Zake yeye alizikusanya kwa jamaa waliochelewa.

Alivaa gauni jeupe, akapiga magoti, akaanza kuzifua moja moja na kuzianika. Kanuni yake ilikuwa kwamba hatasema neno kwa saa mbili.

Sauti ya kwanza ilitoka kwa kijana wa kuuza chaja: "Anauza nini huyu?"

Wapo watakaosikia ushamba katika swali hilo. Mimi nasikia uhakiki. Tom Mboya kila anayekusimamisha anataka kitu kwako, kura, roho au mia mbili, na mtu mwenye akili huuliza masharti kabla hajatoa macho yake. Aliyesimama kando alijibu, "Sabuni." Ikakubaliwa kwa dakika moja hivi, kwamba ni tangazo la kampuni. Kisha mtu akagundua sabuni haina jina. Wakaanza kutafuta kamera, wakidhani ni kile kipindi cha kuwafanyia watu mizaha. Kamera wakaiona, kijana aliyeishika hakujificha, na nadharia ikabadilika: "Hii ni ya NGO." Na kutoka hapo, swali kubwa la Nairobi: "Amelipwa na nani?"

Alikuwa amelipwa. Si pesa nyingi, lakini nauli, gauni na mpiga picha vilitoka kwenye ruzuku ndogo ya taasisi ya utamaduni ya kigeni. Umati uliifikia habari hiyo ndani ya dakika chache, bila katalogi. Nimesoma uhakiki mwingi wa sanaa zetu magazetini ambao haugusi kabisa nani aligharamia na alitaka nini.

Kisha mzee mmoja mwenye koti la suti akasema, kwa sauti ya kutosha: "Hizo hazitakati hata ukiweka Jik."

Jik ni dawa ya kung'arisha nguo. Kicheko kilichopasuka pale ndicho kilichoifungua kazi. Kila mtu alikuwa amefika. "Osha na ya Goldenberg!" "Hiyo ya NYS ianike mbali, isiguse zingine!" Mtu akataka kujua ya Anglo Leasing iko wapi. Zote hizo ni kashfa za wizi wa pesa za umma. Watoto waliokuwa hawajazaliwa Goldenberg ikitokea waliyataja majina hayo kwa mpangilio, kama wanaokariri watawala kwenye somo la historia. Msanii aliinamisha kichwa, anafua. Maelezo yake ya maandishi, yale ambayo yangebandikwa ukutani kama ingekuwa galari, yalizungumzia "usafi, thamani na kumbukumbu". Umati ulikuwa umeshavuka hapo.

Dakika kadhaa baadaye akaja mama muuza matunda kutoka upande wa pili. Aliangalia kwanza. Kisha akamsalimu: "Habari ya mchana, mwanangu?"

Kimya.

"Mwanangu, habari yako?"

Msanii hakuinua macho. Na hapo nikahisi hali ya duara inageuka. Wale waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka. Mmoja akasema ni kichaa, aachwe. Mwingine akasema si kichaa, ana kiburi, hawa wa chuo ndivyo walivyo. Mwanamke aliyebeba mtoto akasema labda ni nadhiri, labda ameamriwa na mtu wa maombi, na akasogea nyuma hatua mbili, mkono juu ya kichwa cha mtoto. Mama wa matunda mwenyewe hakukasirika. Alisimama tu akisubiri, mikono kiunoni, na ilikuwa wazi kwamba haondoki bila jibu lake.

Msanii akasema, chini chini, "Nzuri, mama. Shikamoo." Binti wa Kitui huyo, shikamoo sijui ilimtoka wapi.

"Marahaba. Sasa noti haifikichwi hivyo, utaitoboa." Akaingiza mkono kwenye beseni, akamwonyesha: unaisugua kwa kiganja, sabuni kidogo, unaibana kwenye kitambaa. Wakafua pamoja kama robo saa. Kuna picha ya wawili hao ambayo ndiyo pekee ninayoipenda kati ya zote zilizopigwa siku ile.

Tuligombana kidogo juu ya jambo hilo jioni, mimi na msanii, kwenye kibanda cha chai. Alihisi kazi yake imevunjika. Ukimya ulikuwa nguzo, alisema, ukiondoa nguzo kinachobaki ni mchezo. Nilimwelewa, maana najua nguzo hiyo imetoka wapi. Ipo orodha ya kazi ambazo kila mwanafunzi wa sanaa duniani huzisoma. Yoko Ono, Kyoto, 1964, ameketi jukwaani kimya, mkasi mbele yake, watazamaji wanakuja mmoja mmoja kumkata vipande vya nguo. Marina Abramović, Naples, 1974: amesimama kwa muda wa saa sita, mezani vitu 72, vikiwemo waridi, asali, mkasi, na bastola na risasi moja, na maelekezo kwamba yeye ni kitu, wamfanye watakavyo. Walianza kwa upole. Baadaye walimkata nguo, wakamjeruhi, mtu akamwelekezea bastola, wengine wakaingilia kati. Saa zilipotimia akaanza kutembea kuelekea kwao kama mtu, nao wakakimbia.

Kazi hiyo hufundishwa kwa maana moja: ona binadamu alivyo mnyama akipewa ruhusa. Mimi naiona kwa macho ya arusi. Taarabu nayo inampa mtazamaji ruhusa kubwa. Unapanda hadi mwilini mwa mwimbaji, unamwekea pesa mkononi au hata kwenye nguo, unautumia wimbo wake kumchoma adui yako mbele ya watu mia tatu. Lakini kila kitu kina kipimo. Unajulikana unasimama umbali gani, unakaa kwa muda gani, na shangazi yako yuko pale akikuona. Naples watu wale waliondolewa kila kipimo. Walikuwa wageni kwa wageni, wakaambiwa huyu si mtu, naye hakuwajibu. Mama wa matunda alikataa masharti hayo kabla hata ya kuyajua. Alichodai ni kwamba huyu aliye mbele yangu ni mtoto wa mtu, na tutaanzia hapo.

Sasa, nisije nikaonekana ninaupamba umati wa mtaani. Umati huu huu una meno. Novemba 2014, katika mji huu huu, wanaume walimzunguka mwanamke kwenye kituo cha magari wakamvua nguo kwa sababu hawakupenda alivyovaa, wengine wakirekodi, na baada ya hapo mamia ya wanawake waliandamana katikati ya jiji chini ya kaulimbiu ya #MyDressMyChoice. Lilikuwa duara lile lile: watu, simu, vicheko. Kila msanii wa kike ninayemjua huingia barabarani na jambo hilo akilini. Yule wa beseni alikuwa na wenzake wanne wamechanganyika na watu, kila mmoja anajua atasimama wapi mambo yakiharibika. Tunaposifu ujasiri wa pafomansi ya mitaani tukumbuke kwamba kwa mwanamume ni ujasiri wa kuchekwa.

Na kuna habari ya uchi, ambayo naona inachezewa kwa wepesi mno. Miili mitupu katika galari za Ulaya ina ukoo wake. Wasanii wa Vienna wa miaka ya 1960 walitaka kuwachoma wazazi wao waliojifanya hawakuona vita. Sawa. Hapa mwili mtupu una ukoo mwingine. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Wangari Maathai akiwa nao, walikaa Uhuru Park kugoma kula hadi wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na gesi. Maathai akapigwa hadi akazimia. Na baadhi ya wale akina mama wazee wakavua nguo mbele ya askari wenye umri wa watoto wao. Halikuwa onyesho, na sitaki mtu aligeuze onyesho. Ilikuwa laana, na walioiona waliijua kwamba ni laana. Mgomo ukahamia kanisa la All Saints, ukaendelea karibu mwaka mzima, na wengi wa wale vijana wakatoka. Miaka mingi baadaye, 2015, wanawake wa Amuru, kaskazini mwa Uganda, walifanya hivyo hivyo mbele ya mawaziri kutetea ardhi yao.

Nililikumbuka hilo usiku mmoja kwenye onyesho la ndani, msanii mgeni mwenye umri wa kutosha kuwa na wajukuu alipovua nguo ya juu na kujipaka majivu. Sisi wa glasi tulitazama kwa heshima iliyotulia. Askari wa mlangoni, mwanamume wa makamo aliyeajiriwa kutukagua mifuko, alifungua mlango, akatoka nje, akasimama akiangalia barabara mpaka mwisho. Nilipotoka nilimuuliza kulikoni. Akasema, "Yule ni mama." Katika watu arobaini waliokuwa mle ndani, ni mmoja tu aliyefanyiwa kitu na kazi ile, naye hakuhesabiwa kuwa hadhira.

Kuhusu siasa nitasema kwa ufupi, kwa sababu zimeandikwa sana. Mei 14, 2013 waandamanaji, mwanaharakati Boniface Mwangi akiwa mbele, walimwaga damu na kuachilia nguruwe nje ya Bunge. Tume ya mishahara ilikuwa imepunguza malipo ya wabunge kutoka takriban shilingi 851,000 kwa mwezi hadi 532,500, na wabunge walikuwa wakitaka zirudi juu. Nguruwe walilamba damu, polisi wakaja na maji na gesi, picha zikazunguka dunia. Hakuna aliyeuliza anauza nini. Kila mtu alielewa papo hapo, na kwangu hilo ndilo tatizo lake kama kazi ya sanaa: iliwaachia watu nafasi ya kukubali au kuchukia, basi; wapo waliowahurumia nguruwe kuliko walipa kodi. Napenda zaidi yale majeneza meusi 49 yaliyobebwa hadi Bungeni mwaka uliotangulia, moja kwa kila mwaka wa uhuru. Nairobi mtu hapiti jeneza bila kusita, hata jeneza tupu. Anavua kofia kwanza, ndipo anauliza ni nani.

Jambo linalowaudhi waigizaji wetu kuliko yote ni kicheko. Ukumbi wa Kitaifa, ule uliofunguliwa 1952, mke anapigwa jukwaani na viti vya nyuma vinacheka. Mtoto anakufa, wanacheka. Nimewaona waigizaji wakitoka wakilia kwa hasira. Sina jibu moja. Wakati mwingine ni ukatili tu, na msanii asilazimishwe kuutafutia falsafa. Wakati mwingine ni kujikinga: mtu ameona nyumbani kwake jana. Lakini Pwani na Tanzania tunajua kicheko kingine, cha watani msibani. Maiti ipo ndani, na mtani yuko uani amevaa kanzu ya marehemu, anadai madeni yake, anaigiza alivyokuwa akikohoa. Wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka, na hakuna anayesema hawajaelewa kilichotokea. Ukitoka kwenye desturi hiyo ukaenda kukaa kwenye kiti cha ukumbi, gizani, kimya, eti ndiyo heshima, mwili wako haujui uweke wapi uchungu.

Simu ndizo zilizobadilisha mambo kweli kweli. Zamani duara lilikuwa na watu wanaotazama. Leo nusu yao wanatazama kioo. Kazi ya saa mbili inakatwa sekunde kumi na tano na kupelekwa TikTok, na huko inapata hadhira ya pili isiyojua jua lilikuwa kali kiasi gani wala mama wa matunda ni nani. Maoni ya chini ya video ya beseni yalikuwa ya aina mbili tatu: kafara, Illuminati, anatafuta kiki. "Ashindwe!" nyingi. Na mzee wa Jik, ambaye sauti yake ilisikika vizuri kwenye video, akawa maarufu kuliko msanii. Watu waliiba mstari wake wakaubandika kwenye picha za wanasiasa. Yeye mwenyewe sidhani kama anajua. Siku ile kuna kijana alinyakua pia noti mbili kutoka kwenye kamba akatoka mbio kuelekea River Road. Kwa kawaida pale ukisikia "mwizi!" unaondoka haraka, kwa sababu kinachofuata hutaki kukiona. Safari hii hakuna aliyeinua mguu. "Muache," mtu alisema, "ataenda kununua nini?" Wakacheka mpaka kijana mwenyewe, mbali kidogo, akageuka kuzitazama alizoiba. Kipande hicho hakipo kwenye video yoyote.

Kanjo, askari wa jiji, walikuja, ndiyo. Waliomba kibali, akawapa barua, wakaisoma pande zote mbili. Mmoja akauliza kama hii nayo ni kazi. Muuza chaja, yule wa swali la kwanza, ndiye aliyemjibu, akamweleza kuhusu noti, kuhusu Goldenberg, na kuhusu pesa kutotakata, vizuri kuliko barua.

Nikitaka kujua hadhira ina uzito gani naangalia nini hutokea inapoondolewa. Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo ya shule huko Nakuru, wasichana wa Butere walikuwa na mchezo ambao wakubwa hawakuupenda. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuuigiza. Waliletwa asubuhi mapema, mwandishi na mwelekezi wao amezuiwa asiwafikie, polisi wametanda, na ukumbini hakuna watu wa kuwaangalia. Nje waliotaka kuingia walirushiwa gesi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka, wakawaambia waandishi wa habari kwamba hawawezi kuigiza bila hadhira. Nimeona pafomansi nyingi za watu wazima waliosomea kazi hii ng'ambo. Sijaona iliyotumia wimbo wa taifa na mlango wa kutokea kwa usahihi kama ule. Na waliowanyima watazamaji walikuwa wameelewa sanaa vizuri kabisa: maneno ya mchezo yangeweza kusemwa yote, hadi nukta ya mwisho, na bila watu ukumbini yasingemfikia mtu.

Wafadhili wetu, kwa upande wao, huuliza idadi. Kila ripoti ina kisanduku: watazamaji wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi. Msanii wa beseni alijaza "takriban 300" akakosa pa kuandika kuhusu salamu. Tangu wakati huo amebadilisha kitu kimoja kwenye matumizi yake. Pesa ya kamera ya pili humpa kijana mmoja anayekaa katikati ya watu na daftari, kazi yake ni kuandika kila kinachosemwa, kama kilivyosemwa, matusi yakiwemo. Ameshajaza madaftari kadhaa. Ripoti ya mwisho alipeleka kurasa nne za maneno hayo kama kiambatisho, na anasema ndizo kurasa pekee ambazo ofisa wa ruzuku alimpigia simu kuziulizia. Nimeruhusiwa kuzisoma. Kuna moja kutoka Kawangware, ambako alikuwa amesimama na ndoo kichwani, bila kusonga, tangu saa nne asubuhi. Kijana wa daftari ameandika saa, 5:40, na aliyesema ni dereva wa mkokoteni aliyezibiwa njia: "Dada, kama ni maombi, sema amina tupite. Kama ni sanaa, sogea kidogo halafu uendelee."

Alisogea.